Magendo, kahawa na wasomi: nadharia ipi inamfahamu mchuuzi wa mpakani?

Mapema mwaka 2025 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2024, Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kuivunja Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa (UCDA) na kuzirudisha kazi zake katika Wizara ya Kilimo. Mambo hayo mawili yakikutana, anayenunua au kupakia kahawa Malukhu, kwenye eneo la viwanda la jiji la Mbale, hurudi kwenye swali ambalo wazee wake nao waliwahi kujiuliza: bei ikipanda na msimamizi akabadilika, kahawa ya Mlima Masaba itashukia upande gani?

Swali hilo huonekana kuwa la bei na barabara tu. Lakini majibu ambayo serikali zetu huyatoa, mara kufunga mpaka, mara kusajili, mara kuhesabu, mara kusamehe, hayakudondoka kutoka mbinguni. Yamepikwa kwa miaka mingi katika vitabu vya sosholojia na siasa ya uchumi, na baadhi ya vitabu hivyo viliandikwa kutokana na utafiti uliofanyika hapa hapa, kati ya Jinja na Mbale. Mchuuzi anayesimamishwa Lwakhakha akiwa na magunia mawili ya maharage hana haja ya kuwasoma Hydén wala Bunker. Ila ofisa aliyeandika kanuni inayomsimamisha huenda aliwasoma chuoni, au alisoma mtu aliyewasoma.

Jinja iliyotarajiwa

Hadithi inaanzia Jinja. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la umeme la Owen Falls, na mji huo ukatangazwa kuwa moyo wa viwanda wa Afrika Mashariki: nguo, shaba, sukari ya jirani. Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, ambayo tangu 1950 iliongozwa na mwanaanthropolojia Mwingereza Audrey Richards, ilituma watafiti kuuchunguza mji huo. Cyril na Rhona Sofer walitoa ripoti yao mwaka 1955, na jina la ripoti lenyewe lilisema Jinja imegeuka.

Nadharia iliyotawala wakati huo ilikuwa ya maendeleo kwa hatua. Jamii ya jadi huingia kiwandani, hupata mshahara, huacha shamba na ukoo, kisha hufanana na Manchester. Mmarekani Walt Rostow aliipa nadharia hiyo sura maarufu mwaka 1960, kwa hatua tano kama ngazi za nyumba. Mwaka huo huo Walter Elkan, mwanauchumi wa Makerere, alichapisha kitabu chake kuhusu wafanyakazi wa mijini Uganda, na ndani yake mlikuwa na jambo lililoikwaza ngazi hiyo. Wengi wa wafanyakazi hawakuacha shamba. Walipata mshahara mjini, mke na watoto wakabaki kijijini wakilima, na baada ya miaka kadhaa mwanamume alirudi. Hawakufanya hivyo kwa kushindwa kuelewa maisha ya mjini. Walipiga hesabu: kazi ya kiwandani haikuwa na uhakika wa uzeeni, shamba lilikuwa nao.

Kwa msomaji wa leo anayelala Busia na kuuza Bungoma huku nyumbani kwake kukiwa Namisindwa, hilo si la ajabu hata kidogo. Lakini kwa nadharia lilikuwa pigo la kwanza, na inafaa kukumbukwa kwamba pigo hilo halikutoka kwa mwanamapinduzi. Lilitoka kwa mtu aliyekwenda kuuliza watu.

Pigo la pili lilikuwa la historia yenyewe. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda vingi vya Jinja vilizorota au kusimama. Mji uliotazamiwa kuwa Manchester ukawa na watu waliojua mashine na hawakuwa na mashine ya kuendesha. Walihamia kwenye kununua na kuuza.

Chepkube

Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil. Bei ya dunia ikaanza kupanda, na kufikia 1977 ilivuka dola 3 kwa ratili. Upande wa Uganda, Bodi ya Masoko ya Kahawa ilikuwa mnunuzi pekee halali, ikimlipa mkulima bei ya kupangwa kwa shilingi ambazo hazikununua kitu, kwa sababu sabuni, chumvi na sukari vilikuwa vimetoweka madukani. Upande wa Kenya kulikuwa na fedha na bidhaa. Basi kahawa ikavuka Mlima Masaba kwa vichwa vya watu, kwa baiskeli na migongo ya punda, hadi soko la Chepkube. Jina hilo likawa neno: hadi leo wazee wa pande zote mbili wakitaja Chepkube wanataja majira, siyo mahali tu.

Serikali ya Amin ilikuwa imejibu mapema. Amri ya mwaka 1975 ilianzisha mahakama ya kijeshi ya makosa ya kiuchumi, na adhabu yake iliweza kufika kifo. Kahawa haikuacha kupita. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika, na mpaka ambao watu wa Masaba walikuwa wameuzoea kama uzio wa shamba ukawa mpaka kweli kweli.

Hapo ndipo wasomi walipolazimika kufikiri upya, na kwa muda wa miaka kumi hivi walitoa majibu yanayogombana mpaka sasa.

La kwanza lilitoka kwa Göran Hydén, Msweden aliyefundisha katika vyuo vya Afrika Mashariki. Katika kitabu chake cha 1980, kilichotokana zaidi na uzoefu wa Tanzania ya Ujamaa, alisema mkulima wa Afrika bado hajakamatwa, si na dola wala na soko. Ana ardhi yake, ana ndugu zake, na maisha yake yanaendeshwa na kile alichokiita uchumi wa mapenzi: kusaidiana kwa damu, kijiji na imani. Serikali ikimbana, anajitoa na kurudi kwenye migomba yake. Kwa Hydén hicho ndicho kiini cha kukwama kwa maendeleo.

Nadharia hiyo ilipendwa sana, na ni rahisi kuona sababu. Ilimwondolea lawama waziri, ikaiweka kwa mkulima na shangazi zake. Nelson Kasfir, msomi wa Kimarekani aliyeijua Uganda vizuri, aliihoji mwaka 1986 kwa swali moja la msingi: je, kweli wakulima wa Afrika wanajitosheleza? Mtu anayehitaji chumvi, majembe, karo ya shule na dawa hawezi kujitoa sokoni. Anaweza tu kubadilisha soko.

Jibu la Mbale

Jibu lenye uzito zaidi lilitoka Bugisu. Stephen Bunker alifanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1970 na baadaye akarudi. Kitabu chake cha mwaka 1987 kinasimulia siasa za soko la kahawa la Bugisu tangu 1900 hadi 1983. Wahusika wake wakuu ni wakulima wa arabika na Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, BCU, kilichoundwa mwaka 1954 na kuweka makao Mbale.

Hoja ya Bunker inafuata njia nyingine kabisa. Wagisu, anasema, hawakulikimbia soko. Walipigania kulishika. Kwa miongo walidai wao wenyewe wakusanye kahawa, waikoboe, waipime na waiuze, na wakaiandikia serikali ya kikoloni, kisha ya uhuru, barua, malalamiko na madai bila kuchoka. Silaha yao ilikuwa ya ajabu: waliweza kutishia kuacha. Kahawa ya Bugisu hukua pamoja na migomba katika shamba moja, hivyo familia inaweza kuipuuza mikahawa msimu mzima na bado ikala. Dola haikuwa na migomba. Ilitegemea fedha za kigeni za kahawa. Kwa hiyo mwenye shamba dogo alikuwa na nguvu juu ya serikali kubwa, lakini nguvu hiyo ilifanya kazi kwa muda wote ambao pande mbili ziliendelea kuzungumza. Kila serikali ilipokinyang'anya chama madaraka na kuyapeleka Kampala, ilikata kamba ambayo yenyewe ilikuwa imeishika.

Kwa mtazamo huo Chepkube haikuwa kurudi kwenye jadi. Ilikuwa biashara ya watu waliokuwa wamenyimwa mezani nafasi ya kujadili bei.

Hiki ndicho kitabu ambacho wafanyabiashara wa mpaka huu wangefaidika nacho kuliko vingine vyote vya wakati ule, na bado kina pengo. Mkulima yumo, kiongozi wa chama yumo, ofisa wa wilaya yumo. Mwenye baiskeli na mwanamke mwenye kapu wanapita pembeni, kama watu wa kwenye picha ya mwingine. Yule aliyenunua kilo kumi kumi vijijini, akalipa kwa sabuni, akajua ofisa yupi yuko zamu na njia ipi imefungwa, hana sura yake katika nadharia ya Bunker. Na hata hivyo bila yeye hakuna Chepkube.

Aliyemtazama mtu huyo moja kwa moja alikuwa Reginald Green, mchumi aliyeandika mwaka 1981 kuhusu magendo ya Uganda. Aliweka mezani maelezo matatu: kwamba magendo ni ugonjwa wa uchumi, kwamba ni mfumo unaokwenda sambamba na ule rasmi, au kwamba ndiyo yenyewe imekuwa namna kuu ya uzalishaji, na ule rasmi ndio umebaki pembeni. Kasfir naye, mwaka 1983, aliuliza kama biashara hiyo inazaa tabaka jipya. Watu wa Kampala walikuwa wamekwisha kujibu kwa neno moja, mafutamingi, wakimaanisha matajiri wapya walioneemeka kwa vibali, mgawo na kujuana na wenye bunduki.

Si jambo dogo kwamba maneno haya, magendo na mafutamingi, ni ya Kiswahili, na kwamba yaliingia katika majarida ya Kiingereza bila kutafsiriwa. Wasomi walikosa neno lao. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa boda boda, jina lililozaliwa Busia kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Watu wa mpakani wana nadharia zao. Wanaziweka katika jina.

Neno lililoshinda

Lakini neno lililoshinda katika ofisi za serikali halikuwa magendo wala mafutamingi. Lilikuwa "sekta isiyo rasmi". Keith Hart, mwanaanthropolojia Mwingereza, alilitumia kueleza mitaa ya Accra alipowasilisha utafiti wake mwaka 1971, na mwaka uliofuata ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya ililifanya kuwa lugha ya dunia nzima. Wazo lilikuwa la heri: lilimtoa mchuuzi kwenye orodha ya wavivu na wahalifu, likamwita mtu anayefanya kazi.

Wakosoaji hawakuchelewa. Colin Leys, aliyewahi kufundisha Makerere na Nairobi, alisema katika kitabu chake cha 1975 kuhusu Kenya kwamba hakuna sekta mbili. Kuna uchumi mmoja ambamo wadogo huwalisha na kuwahudumia kwa bei nafuu wafanyakazi wa wakubwa, na hivyo kuwasaidia wakubwa kulipa mishahara midogo. Janet MacGaffey, aliyefanya utafiti Zaire, alikwenda mbali zaidi: mwaka 1991 alihariri kitabu kilichouita uchumi wa namna hiyo uchumi halisi wa nchi. Kate Meagher, mwaka 1990, akiandika kuhusu Uganda ya kaskazini magharibi, alionyesha jinsi biashara iliyofichika ilivyokuwa imefungamana na maofisa na taasisi rasmi.

Christine Obbo, mwanaanthropolojia wa Uganda, aliwakosoa wote kwa namna nyingine. Kitabu chake cha 1980 kiliwafuata wanawake waliohamia mitaa ya Kampala, waliopika pombe, waliouza chakula, waliokodisha vyumba, wakitafuta uhuru wa fedha huku wanaume wa nyumbani na wa serikalini wakiwaita wahuni. Ukisoma Obbo kisha ukamrudia Hydén, ule uchumi wa mapenzi unabadilika rangi. Undugu si blanketi la kujifunika mtu asiye na soko. Kwa mfanyabiashara wa Mbale mwenye shemeji Mbukusu upande wa Bungoma, undugu ni mkopo, ni ghala, ni habari za bei, na wakati mwingine ni deni lisilolipika. Kuuita kikwazo cha maendeleo ni kumkosea mtu ambaye benki haikumpa hata kiti cha kukalia.

Yote hayo yangebaki mjadala wa maktaba kama si kwamba kila nadharia huja na dawa yake. Anayeamini kwamba mchuuzi "bado" hajawa rasmi, ataandaa fomu ya kumsajili. Anayeamini kwamba magendo ni ugonjwa, ataongeza vizuizi barabarani. Anayeamini, kama Leys na Meagher, kwamba rasmi na isiyo rasmi ni mkono wa kulia na wa kushoto wa mwili mmoja, itambidi amtazame ofisa mwenyewe, na hiyo ndiyo dawa ambayo haijapata mnunuzi.

Jumuiya ya sasa, kwa Mkataba ulioanza kutumika Julai 2000, imechagua zaidi dawa ya kwanza. Utaratibu rahisi wa biashara unamruhusu mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 kupata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa pale pale mpakani, ikiwa bidhaa yake imo katika orodha iliyokubaliwa na imezalishwa ndani ya Jumuiya. Vituo vya pamoja vya Busia na Malaba vimemwondolea msafiri mzigo wa kukaguliwa mara mbili. Ni hatua za kweli, na anayekumbuka foleni za zamani hawezi kuzibeza.

Ila utaratibu huo umejengwa juu ya dhana kwamba tatizo liko kwa mchuuzi: hajui, hajajaza, hajajiandikisha. Machi 2021 dhana hiyo ilipimwa. Tarehe 5 ya mwezi huo mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, pamoja na cheti cha uasili. Hofu ya sumukuvu ni ya haki, maana sumu hiyo huua. Lakini tazama nani aliumia kwanza. Aliyefuata njia kuu na kuwa na karatasi zote ndiye aliyekuwa na lori lililoonekana. Urasmi, ambao nadharia iliuahidi kuwa kinga, uligeuka siku ile kuwa kitambulisho cha kukamatiwa. Hapo Bunker angetambua kitu alichokiona Bugisu: upande mmoja umeamua peke yake, na meza ya mazungumzo imeondolewa.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa, nalo ni namna elimu kuhusu wachuuzi inavyotengenezwa leo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 Benki Kuu ya Uganda na Ofisi ya Takwimu zimekuwa zikifanya uchunguzi wa biashara isiyo rasmi ya mpakani, wahesabu wakikaa vituoni na kuandika kinachopita. Takwimu hizo zimesaidia sana. Ndizo zilizoifanya serikali ikubali kwamba vikapu na baiskeli vikijumlishwa ni biashara ya mamilioni ya dola. Lakini mhesabu anaona gunia. Haoni mkopo ulionunua gunia hilo, wala makubaliano ya mlangoni, wala kwa nini mwenye gunia alichagua saa ile.

Mahmood Mamdani, aliyeandika mwaka 1976 kuhusu siasa na tabaka Uganda na aliyerudi kuongoza taasisi ile ya Makerere mwaka 2010, alilishambulia jambo hili kwa ukali. Vyuo vyetu, alisema, vimekuwa na utamaduni wa ushauri elekezi: mfadhili anakuja na swali lake, mtafiti anakwenda kutafuta jibu. Anayelipia swali ndiye anayechagua nadharia. Mwaka 2012 taasisi hiyo ilianzisha programu yake ya uzamivu, ikilenga kuwafundisha watafiti wa hapa kuunda swali lenyewe. Programu imekuwa na sifa na misukosuko yake, ila hoja ya awali haijapata wa kuipinga: maswali mengi yanayoulizwa mpakani yanaanza na "kwa nini hujasajili?" na machache sana yanaanza na "nani alikusimamisha, mara ngapi, na ulimpa nini?"

Archie Mafeje, Mwafrika Kusini aliyefanya utafiti wake Uganda, alitoa onyo la jinsi hiyo mwaka 1971 kuhusu neno "kabila". Neno linaloonekana kueleza kila kitu, alionya, linaweza kuwa ndilo linalotuzuia kuona. "Isiyo rasmi" imefika karibu na hapo. Linamweka kundi moja mwanamke wa matunda wa Lwakhakha, mfanyabiashara wa nafaka mwenye malori matatu, na mkubwa ambaye mzigo wake haufunguliwi. Watatu hao hawana shida moja. Ukiwapa sera moja, wa tatu atashukuru.

Kahawa ndiyo itakayotoa mtihani ujao. Wizara ya Kilimo sasa ndiyo yenye kazi ya kutoa vibali, kusimamia ubora na kuzungumza na wanunuzi wa nje. Wakulima wa Masaba wana vyama vyao, wana wanunuzi binafsi wanaofika hadi mlangoni, na wana kumbukumbu ndefu ya siku ambapo uamuzi wote ulihamia Kampala. Ng'ambo ya mlima, kahawa ya Kenya nayo ina wanunuzi wenye kiu. Sheria mpya imeeleza kwa kirefu nani atasimamia kahawa. Ni nani atakayekaa upande wa pili wa meza, mkulima wa Bugisu na mchuuzi anayemnunulia wakiwemo, ndilo swali ambalo Wizara itapaswa kulijibu kabla malori hayajaanza kujipanga Malukhu msimu mkuu utakapofika.